Mluzi, Aliyewaita Ng'ombe Wakageuka

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wa machinjio mliokuja na buti zenu zikiwa bado na maji, familia inawashukuru kwa kukaa juani kumsikiliza mtu ambaye wengi wenu mlimcheka akiwa hai, na inaomba radhi mapema kwamba historia hii haitakuwa fupi, ingawa kaka wa marehemu, yaani baba yetu mkubwa, mwenye machinjio na mabucha, aliyekaa pale mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto, aliomba iwe fupi, na aliomba aisome yeye. Mama alikataa. Inasomwa na binti wa kwanza wa marehemu, ambaye ni dereva wa lori na hana haraka.

Wageni wajue pia kwamba nyuma ya jiko kuna dume mweusi amefungwa kwenye nguzo, ameletwa leo asubuhi na baba mkubwa ili achinjwe baada ya mazishi, wakati marehemu, alipokuwa bado na pumzi ya kuagiza, aliagiza jambo moja tu, kwamba siku yake asife mwingine. Ama kisu ama agizo, kimoja kitashinda leo, na ndiyo maana tunaomba mtulie mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mifugo, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee mmoja mswagaji wa ng'ombe na mkewe aliyeuza mkaa, na inasemekana alijua kupiga mluzi kabla meno yake ya mbele hayajakamilika, mluzi mrefu unaoanzia juu na kushuka polepole, ambao ng'ombe wa soko zima waliusikia wakageuza shingo, ndipo jina alilopewa na wazazi likasahaulika, naye akabaki Mluzi mpaka leo.

Alianza shule ya msingi Januari 1963 na kuimaliza Novemba 1969, akiwa mwanafunzi wa kawaida anayekaa dirishani, isipokuwa siku moja ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa ndiyo elimu yake yote. Alisimama darasani akasema, "Ng'ombe imekuja," mwalimu wa lugha akamchapa, akamwambia chenye uhai hakisemwi hivyo, ng'ombe amekuja, kama mama yako alivyokuja, kama mimi nilivyokuja. Kijana akauliza, kwa adabu kabisa, mbona nyama inakuja, ilhali ni yule yule. Mwalimu akasema kwamba akishachinjwa ndipo anakuwa "i". Mluzi akauliza, "Sasa, mwalimu, ni nani anayembadilisha?" Akachapwa tena, na swali hilo hakupata kujibiwa na mtu yeyote, wala na wale waliosoma kuliko yeye.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa na kaka yake katika machinjio yaliyokuwa yamefunguliwa karibu na reli, kazi yake ikiwa kuwaongoza ng'ombe kutoka zizini, kupitia kipito chembamba cha zege, mpaka kwenye chumba cha kisu, na kaka alimpenda mno wakati huo, kwa sababu ng'ombe wanaoingia kwa fimbo hukimbia, huvunjika miguu na nyama yao huwa ngumu, lakini ng'ombe walioitwa na Mluzi waliingia taratibu wakimfuata, masikio yametulia. Wateja wakasifu ulaini wa nyama. Kaka akafungua bucha la pili, la tatu na la nne, na hakuna siku aliyosema hadharani kwamba ulaini ule ulitoka mdomoni mwa mdogo wake.

Mle ndani, anayejua anajua, hakuna aliyesema "huyu". Walisema, "Leta ile," "Hii imegoma," na baba mkubwa alisema, "Mzigo umeingia," ng'ombe wakiwa bado wanatafuna, wanapiga chafya, wanakunwa shingo na wenzao. Marehemu alisema miaka mingi baadaye kwamba machinjio yale yalianza kuchinja kwa mdomo, kisu kilikuja kumalizia tu.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, binti wa fundi cherehani, ambaye kabla ya kukubali posa alimwambia aoge mara mbili, na wakabarikiwa watoto wawili, wa kwanza ni huyu anayesoma, na wa pili, kitinda mimba, ni mpishi, ndiye aliyepika chakula mnachosikia harufu yake. Waliishi katika vyumba viwili vya wafanyakazi ndani ya ukuta wa machinjio, na mama aliongezea kipato kwa ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku wa mayai.

Aliacha kazi tarehe 6 Juni 1984, na kwa kuwa baba mkubwa amesimulia toleo lake katika kila sherehe, akisema mdogo wake alichanganyikiwa, familia inaomba nafasi ya kutoa la kwetu. Siku hiyo kulikuwa na ng'ombe jike mwekundu aliyegoma kutoka zizini, akapigwa, akamwagiwa maji, akapindwa mkia, hakusogea, Mluzi akaitwa, akapiga mluzi wake, yule jike akaja mwenyewe, akamlamba mkono wa koti, akamfuata kipito kizima. Mwishoni mwa kipito kuna kimlango cha pembeni, mswagaji hutokea hapo, ng'ombe huendelea mbele. Marehemu akatoka kwa kimlango kama alivyozoea, na yule jike akaingiza kichwa kumfuata, akakwama mabega, akabaki anamtazama, kwa sababu alidhani wanakwenda pamoja. Ilibidi watu wamvute kinyumenyume kwa kamba. Marehemu alivua koti, akalitundika kwenye kimlango, akaenda nyumbani kwa miguu, na hakurudi kuchukua hata mshahara wa mwezi ule.

Kaka alimfukuza kwenye vile vyumba siku ya pili, mama akiwa na cherehani kichwani na mtoto mgongoni, akamwambia mbele ya wafanyakazi kwamba fadhila za punda ni mateke, naye marehemu akamjibu kwamba punda hajawahi kuomba fadhila, aliomba apunguziwe mzigo. Hilo ndilo neno kali kuliko yote alilowahi kumwambia kaka yake, na kaka hakumsamehe.

Kuhusu maziwa na mayai, ambayo marehemu alitaka tuyaache kama tulivyoacha nyama, mama ameruhusu tuseme ukweli. Alipinga sana, alisema nyama sawa, lakini maziwa yamemkosea nani. Mwaka 1985, mama akiwa ananyonyesha kitinda mimba, marehemu alimwita uani wakati wa kukamua, akamwonyesha ndama aliyefungwa mbali na mama yake, analia, na mama yake ndama analia, na ndani ya nyumba mtoto wetu naye akaanza kulia, marehemu akasimama tu katikati ya vilio vile. Mama anasema alimnunia wiki nzima, kwa sababu alikuwa anasema kweli, kisha akamfungua ndama yeye mwenyewe. Kuku nao wakaachwa wazeeke baada ya marehemu kutembelea mahali wanapototolea vifaranga, akaona majogoo wa siku moja wakitupwa ndani ya pipa kwa kuwa hawatagi. Tangu hapo nyumba yetu haikula wala haikuvaa wala haikuuza kitu kilichotoka kwa mnyama, na tulikua, mnatuona, hatujapungukiwa urefu.

Alitafuta riziki kwa kupika maharage, na alichagua kuyapikia nje ya lango la machinjio yale yale, ng'ambo ya barabara, jambo ambalo wengine waliliita upumbavu, lakini sisi tunajua lilikuwa kisasi, na alikipika kwa moto mdogo kila siku ya kazi. Wachinjaji waliotoka na harufu ya damu puani walivuka barabara kula maharage, baba mkubwa akawakataza, wakapitia nyuma. Hapo kwenye sufuria ndipo marehemu alipotoa mahubiri yake, kama ni mahubiri, akiwaambia kwamba methali yenu inakiri yenyewe, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu, mkuki ni mmoja, kilichobadilika ni mwenye kuchomwa. Wakimwambia mnyama hana akili, aliuliza mtoto mchanga ana akili gani na mbona hamumli. Wakimwambia simba naye anakula nyama, aliwaambia simba halipi kodi, hana shule, na hajawahi kuonja maharage haya. Na akimwona mtu amekasirika, alimwongezea mchuzi.

Tarehe 11 Februari 1991, baba mkubwa alipokea wanunuzi wakubwa, watu wa viatu vinavyong'aa, waliokuja kutazama kazi ili watie sahihi ya kununua nyama kwa mahoteli. Ng'ombe walijazwa kwenye kipito. Marehemu, akiwa anakoroga sufuria, alipiga mluzi. Walioshuhudia wako hapa, wataniunga mkono: ng'ombe waligeuka, wa nyuma wakawa wa mbele, lango la zizi likalala chini, wakavuka barabara magari yakiwapigia honi, wakaja kusimama kulizunguka jiko la maharage kama watu wanaosubiri zamu, na mnunuzi mmoja akapandishwa juu ya tenki la maji na viatu vyake vinavyong'aa. Baba mkubwa aliita polisi, polisi akauliza mshtakiwa ametumia silaha gani, akaambiwa mdomo, akauliza amesema nini, akaambiwa hakusema kitu, amepiga mluzi, polisi akavua kofia, akaomba sahani ya maharage.

Familia haitawadanganya, wengi wa ng'ombe wale walikamatwa kabla ya jua kuzama, na hilo lilimuuma marehemu kuliko kofi alilopigwa na kaka yake siku hiyo. Lakini wanunuzi hawakutia sahihi, na aliendelea kupiga mluzi kila alipojisikia, mpaka baba mkubwa akalazimika kujenga ukuta mrefu na kufunga vipaza sauti vya muziki kutwa nzima ili kumzima, na mabucha yakarudi kutoka manne hadi mawili.

Naye baba mkubwa alilipiza. Oktoba 1996, kwenye mazishi ya bibi yetu, mama yao wote wawili, aliagiza vipande vya nyama visagwe vichanganywe kwenye maharage ya marehemu, akamwacha ale sahani nzima, kisha akasimama akatangaza kwa kicheko alichomlisha. Marehemu alitapika nyuma ya nyumba ya mama yake siku ya kumzika mama yake. Waliocheka walikuwa wengi, baadhi yao wako hapa leo, wamevaa vizuri, na tunawaona.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2021, kwa kikohozi kilichogeuka kuwa ugonjwa wa mapafu, na kwa kuwa zimeenezwa habari kwamba ameuawa na majani, daktari aliyemtibu ameturuhusu kusema kwamba damu yake ilikuwa nzuri kuliko ya daktari mwenyewe, kilichomuua ni moshi. Katika machinjio yale vichwa na kwato vilichomwa kwa matairi, na marehemu aliwekwa hapo kila alipomaliza kuswaga. Daktari alipomuuliza kama aliwahi kuvuta sigara, alijibu, "Hapana, nilivuta vichwa vya ng'ombe." Miaka kumi ya kumtumikia kaka, bila kitambaa puani.

Wiki yake ya mwisho, simu ya mama iliita wodini, muuguzi akaiweka kwenye spika kwa sababu mama alikuwa amemshika mgonjwa, na sauti ya baba mkubwa ikauliza, "Vipi, ile bado inapumua?" Hakuuliza "bado anapumua". Alisema ile. Marehemu alisikia, akatabasamu kidogo, akamwambia mama, "Ameshanichinja." Alifariki Jumanne, tarehe 18 Julai 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Leo asubuhi baba mkubwa ameteremsha dume, na aliwaambia majirani pale mlangoni kwamba Mluzi atawalisha watu nyama leo, apende asipende. Kisha, ili sifa zimfikie vizuri, akasema kwa sauti kubwa mbele ya wazee kwamba dume huyu ni zawadi yake kwa familia. Tulimwomba arudie. Akarudia. Wazee walisikia mara mbili.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi, hasa yule wa spika, kwa majirani wa mtaa wa mafundi viatu waliotupokea mwaka 1984 bila kuuliza, kwa walaji wa maharage, na kwa mchinjaji aliyeletwa kwa kazi ya leo, ambaye alikula kwa marehemu kwa miaka mingi, na aliyemkabidhi mama begi la visu alipofika, akaomba apewe kazi ya kuosha sahani. Na shukrani za pekee ni kwa baba yetu mkubwa kwa zawadi yake. Dume amepokelewa. Kwa kuwa zawadi ikishapokewa ni ya aliyepewa, ataondoka jioni kwa lori la binti wa marehemu kwenda shambani kwa wakwe zake, atazeeka huko, na kila mwaka tutamtumia baba mkubwa picha yake. Chakula cha leo ni maharage. Sahani ya baba mkubwa itaandaliwa hapo hapo alipokaa, mbele ya watu wote, na hatujachanganya kitu ndani yake, sisi si yeye, ila atakula bila kujua kwa hakika.

Baba, kazi yako umeimaliza na hakuna aliyekufa siku yako. Wewe pumzika kwa amani, wengine hatuwaahidi.