Sabuni au Krimu: Kinyozi wa Wodi na Pua Yake

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, kinyozi wetu atafunga kile chumba kidogo kilicho kati ya wodi ya wanaume na ngazi za kwenda upasuaji. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Kwenye faili anaandikwa mhudumu. Sisi wengine, kuanzia daktari mkuu hadi mlinzi wa getini, tunamwita Bwana Ninuse, na jina hilo kajitafutia mwenyewe, maana hajawahi kupokea kitu mkononi bila kukipeleka kwanza puani. Mpishi aliwahi kumnyima chai siku tatu kwa sababu alikinusa kikombe mbele ya wageni.

Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga mimi, mtunza stoo. Aliyeniomba huenda hakujua kwamba katika watumishi wote hakuna aliyeshukiwa na Bwana Ninuse zaidi kuliko mimi, na kwamba nami nilimshuku vilevile, tena kwa moyo wote.

Alianza kazi akiwa na brashi ya mpini wa mbao, bakuli la bati na sabuni ya kunyolea ngumu kama tofali. Kila asubuhi aliwanyoa watu kumi, kumi na watano: wanaopelekwa kupasuliwa, wasioweza kushika wembe, na wale ambao siku nzima hawapati mgeni. Alilowesha shavu kwa maji ya moto na kiganja chake, akakoroga povu mpaka likasimama lenyewe, kisha akanyoa taratibu. Wagonjwa walisema kwamba mkono wake hausikiki.

Miaka tisa iliyopita ikaja krimu. Aliyeileta alikuwa muuzaji mwenye viatu vya kung'aa, akakusanya watu ukumbini na kueleza kwamba sabuni imepitwa na wakati. Krimu haitaki kukorogwa, haitaki brashi inayopita uso hadi uso, unaipaka kwa vidole tu. Ila kwanza, alisema, umfunike mgonjwa taulo la moto usoni. Muuguzi mkuu aliipenda kwa ajili ya usafi. Bwana Ninuse aliuliza swali moja.

“Kitu kinacholainisha ndevu kwa dakika moja, ngozi kinaifanya nini?”

Muuzaji alicheka, akafunga mkoba wake, akaaga. Kwa Bwana Ninuse kicheko kile kilikuwa sawa na kukiri kosa.

Wiki ya tatu mashavu yakaanza kuwaka. Mgonjwa mmoja, kisha wanne. Halafu akaja fundi cherehani mmoja, mzee mpole, aliyelazwa ili atolewe uvimbe wa shingoni. Alinyolewa jioni, asubuhi ngozi yake ilikuwa nyekundu na imevimba kutoka kidevuni hadi kwenye kola. Daktari wa upasuaji aliitazama, akavua glavu, akasema hapitishi kisu kwenye ngozi ya namna ile. Upasuaji ukaahirishwa kwa siku kumi, na uvimbe ulikuwa umeshaanza kumbana pumzi.

Binti yake alisimama katikati ya korido. “Baba yangu hakuja hapa kunyolewa, amekuja kupona. Nani amemchoma?”

Muuguzi mkuu alimpa Bwana Ninuse wiki moja: aeleze kilichotokea au arudishe wembe.

Mchana huohuo alikuja stoo na kopo la krimu kifuani. Ubavuni mwa kopo alikuwa amechora mstari kwa kalamu, kuonyesha krimu ilipofikia.

“Mama Stoo, kopo hili lilifika limejaa?”

“Lilifika limejaa.”

“Na humu uliongeza nini?”

Nilimwambia kwamba kama kuna mtu aliyetaka krimu ionekane mbaya ili sabuni yake irudi, anajulikana, na amesimama mbele yangu. Alinitazama, akalinusa kopo, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile hatukusalimiana. Mimi nilifunga stoo kwa kufuli hata nilipokwenda mlangoni kupokea mzigo. Yeye, kumbe, alifunga uzi kwenye mpini wa droo yake. Siku ya nne, alipokwenda kula, niliingia chumbani mwake nikiwa na uhakika kwamba nitakuta kichupa cha kitu fulani. Nilivuta droo, nikakuta wembe tu; ukutani brashi ilikuwa imetundikwa kichwa chini, imekauka, safi. Nilitoka nikiwa na aibu, lakini shaka sikuiacha.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikuwa anajipima mwenyewe. Kila asubuhi alinyoa mkono wa kushoto kwa sabuni na wa kulia kwa krimu, chini ya mikono mirefu ya shati. Siku sita zilipita na mikono yote miwili ikabaki laini kama ya mtoto. Siku ya saba, ya mwisho aliyopewa, aliamua kufanya kila kitu kama anavyomfanyia mgonjwa. Akaanza na taulo la moto kwenye mkono wa kulia. Kabla ya saa sita mkono ukawaka. Akachukua taulo jingine, akaufunika wa kushoto bila sabuni wala krimu. Nao ukawaka.

Ndipo alipolinusa taulo. Pua iliyonusa chai ya mpishi, krimu ya muuzaji na makopo yangu haikuwahi hata siku moja kunusa taulo, kwa sababu mataulo yalifuliwa na shemeji yake. Alikuwa kaka wa mke wake, na Bwana Ninuse mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ya udobi. Zama za sabuni mataulo yalifuta mikono tu. Sasa yalikuwa yanalazwa usoni, ya moto, yakiwa na dawa mpya ya kung'arisha ambayo haikusuuzwa vizuri. Bomba la kufulia lilikuwa linatoa maji kidogo, na dobi, badala ya kusuuza mara tatu, alikuwa anasuuza mara moja.

Angeweza kunyamaza, akafua mataulo mwenyewe na kuiacha lawama kwenye krimu. Mke wake, nilisikia baadaye, alimsihi afanye hivyohivyo. Kesho yake alisimama kwenye kikao cha asubuhi, akakunja mikono ya shati tukaona ngozi iliyowaka.

“Nilimshuku Mama Stoo, nikakosea. Niliishuku krimu, nikakosea. Shemeji yangu sikumshuku, napo nikakosea.”

Sikuweza kubaki nimekaa. Nilisimama nikakiri kwamba niliingia chumbani mwake.

“Najua,” alisema. “Uzi ulikatika.”

Kikao kizima kiliangua kicheko, isipokuwa dobi. Alipewa onyo, bomba likatengenezwa, na ikapita karibu miezi minne kabla hajakanyaga tena nyumbani kwa dada yake. Fundi cherehani alinyolewa upya, kwa krimu na taulo lililosuuzwa mbele ya binti yake, akapasuliwa, akapona. Alirudi na koti jeupe alilomshonea kinyozi, nalo ndilo analovaa mpaka leo.

Tangu hapo hapendelei upande wowote. Hugusa shavu kwa mgongo wa kidole kwanza. Ndevu nzito zenye ukaidi na ngozi ya mafuta hupata sabuni, na brashi isiyotumiwa na mwingine. Wazee ambao ngozi imekauka na kuwa nyembamba hupata krimu, kwa vidole. Ila makopo bado anayanusa, na mataulo siku hizi huyanusa mara mbili.

Mwezi uliopita baba yangu alilazwa hapa. Kwa miaka sitini hakumruhusu mtu yeyote amshike kidevu, na sasa mikono inamtetemeka. Nilimpeleka mwenyewe kwenye kile kiti, nikasimama mlangoni. Bwana Ninuse alimgusa shavu, akachagua krimu. Baba alimfuatilia kwa jicho moja mwanzo hadi mwisho. Alipofutwa, alijipapasa, akanigeukia.

“Huyu ndiye aliyekushuku?”

“Ndiye, baba.”

“Kesho nilete tena.”

Bwana Ninuse, kwa niaba ya watumishi wote, na kwa mashavu yote yaliyopita mikononi mwako, tunakushukuru. Pumzika kwa raha, uwe na afya tele, na shemeji aje kula kwako kila Jumapili.