Anayeogopa Zaidi Ndiye Mwalimu wa Leo

Mchungaji, ndugu, majirani na marafiki wote mliofika, pamoja na mama yetu anayenisikiliza kwa simu kutoka Ahero, mimi ni Milka, kitinda mimba wa familia, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Phoebe Akinyi Oloo, ambaye leo tunamuaga hapa Doha kabla hajasafirishwa kwenda Kisumu. Jamani, naogopa. Mkisikia mstari mmoja ukisomwa mara mbili, msidhani umeandikwa mara mbili, ni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Ahero, mtoto wa pili kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1993, akafanya mtihani wa KCPE wa darasa la nane mwaka 2000 na kumaliza kidato cha nne mwaka 2004. Mama atanisamehe nikisema kwamba hakuwa na kichwa chepesi, kwani somo ambalo wenzake walilishika mara moja yeye alilirudia mara tatu, ila likishaingia halikumtoka tena. Mwaka 2006 alijiunga na chuo cha uuguzi Kisumu, akahitimu diploma mwaka 2009, akaajiriwa katika zahanati karibu na nyumbani.

Tarehe 4 Desemba 2010 alifunga ndoa na shemeji yetu Harun, huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye wengi mnamjua kama dereva wa hoteli kule Al Sadd, wakajaliwa Bella mwaka 2012 na Marvin mwaka 2015.

Tarehe 19 Januari 2017 aliwasili Doha kumtunza bibi mmoja mgonjwa pale The Pearl, diploma yake ikilala ndani ya sanduku, maana bila mtihani wa leseni hakuruhusiwa kufanya uuguzi. Aliufanya mwaka 2018 akaanguka, mwaka 2019 akaanguka, mwaka 2020 akaanguka tena, hata kaka yetu Onyango akamtania kwamba sasa mtihani unamjua kwa jina. Na alikuwa mwoga, haki ya Mungu, mwoga kupindukia, asubuhi ya kila mtihani alikuwa akitapika, kisha anasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, anajifuta mdomo, anaenda. Mwaka 2021 alifaulu, akawa muuguzi, na baada ya miaka miwili akapewa kusimamia wodi.

Mwaka huo huo wa kufaulu, nami nikiwa ndio nimefika, alianzisha darasa sebuleni kwake Al Wakrah, kila Ijumaa baada ya ibada, kwa sisi wenye diploma zilizolala masandukuni. Siku ya kwanza aliuliza nani atatufafanulia somo, wote tukaangalia zulia, akauliza basi nani anaogopa zaidi, wakaninyooshea vidole, akaniita mbele. Ndipo akaweka sheria yake, kwamba anayeogopa zaidi ndiye mwalimu wa leo, kwa kuwa asiyeogopa huruka mambo, lakini mwoga hutafuta sababu ya kila neno. Tangu hapo kila Ijumaa aliyeogopa zaidi aliinua mkono akafundisha, na wengi walifaulu kwa sheria hiyo. Mimi nimeanguka mara mbili, mwajiri wangu amenipa nafasi moja ya mwisho, tarehe 22 mwezi huu, nikianguka narudi nyumbani, na mwalimu wangu ndiye huyu mbele yenu kwenye jeneza.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo, maumivu yakipenya hadi mgongoni, na tarehe 27 madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho, naye akamwambia Harun peke yake. Kupungua kwake sisi tuliambiwa ni kazi nyingi. Ijumaa ya tarehe 4 Julai alisimama mbele ya darasa, akasema leo hakuna kuinua mkono, mwalimu ni yeye, akafundisha ugonjwa wa kongosho, akituuliza dalili na sababu zake, nasi, Mungu wangu, tukashindana kujibu kwa furaha. Mwenzetu Michelle ndiye aliyetaja macho kuwa ya manjano, halafu akamtazama dada machoni, nasi sote tukayaona. Dada alimaliza somo lile hadi mwisho.

Jioni ya tarehe 8 Septemba aliniambia anaogopa, nikamwambia hata mimi naogopa, tukashikana mikono bila kudanganyana. Alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2025 alifariki hospitalini, Harun akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, wauguzi wa wodi yake waliomwosha kwa mikono yao, majirani wa Al Wakrah waliotupikia, Mchungaji, na Wakenya wote mliochanga mpaka safari yake ikawezekana.

Historia hii ilikuwa isomwe na kaka Onyango, mwenye sauti na maneno, lakini kwenye kikao cha kupanga ibada hii Harun aliuliza nani anaogopa zaidi kuisoma, na wote wakanigeukia. Kwa hiyo Ijumaa ijayo darasa lipo pale pale sebuleni, nitafundisha mimi, na tarehe 22 huenda nikatapika, lakini nitajifuta mdomo niingie. Mkono wangu uko juu, dada. Wewe shusha wako, upumzike kwa amani.