Kuku Bila Wali

Ndani ya basi la jiji la Chongqing, China, mzee Kuang alimlalamikia mama mmoja asiyemjua, aliyeketi kando yake na kapu la pilipili kavu mapajani. "Madaktari wa zahanati wamenikataza wali, eti sukari itaniua. Hawajui kwamba bila wali mtu hajala?"

"Mkaange kuku, kaka, umzike ndani ya pilipili. Ukichakura kila kipande kwa vijiti vya kulia utakula polepole, ushibe kabla hujaukumbuka wali."

"Nichakure? Kwani mimi ndiye kuku? Marehemu mke wangu ndiye aliyenitafutia vipande, akiniwekea juu ya wali."

"Na yeye alikula saa ngapi?"

Akilini Kuang alimwona mkewe ameinamia sahani, akipekua pilipili, bakuli lake mwenyewe likipoa. Miaka yote hiyo alidhani nyama inajileta.

"Asante, dada," alisema taratibu, na asante ile ilikuwa na wenyewe wawili.

Basi liliposimama, mama yule alimtilia konzi ya pilipili mfukoni, akashuka. "Leo chakura mwenyewe."

"Nitachakura!" Kuang alimpigia kelele mlango ukifungwa. "Lakini bila wali bado si chakula!"