Dawa ya Kufunga Milango ya Maji

Nyamazeni wanangu, sogezeni viti, na aliye karibu na mlango aufunge, kwa maana kuta zina masikio nami sina tena pumzi ya kurudia neno.

Mnajua kazi yangu ya maabara ilikuwa uvimbe. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na kwenye utando mna vijilango vya maji. Mwili ukiumia, seli za ulinzi huvitumia kujisukuma hadi penye jeraha, na maji yakizidi kuingia, mahali pale huvimba. Mimi na mwenzangu, huyo mnayemwita Baba Mdogo, sisi kazini tukimwita Mpole, tulitafuta dawa ya kuvifunga, tukaipata. Panya walioumia kichwani wakipewa mapema walipona, wakala, wakagombana. Waliocheleweshewa walikufa, maana vijilango hivyohivyo ndivyo vinavyotoa maji ubongoni, na anayefunga mlango mwizi akiwa ndani atalala naye.

Asubuhi moja nikakuta vizimba vya waliokufa vimeoshwa, vinanukia sabuni. Nikamuuliza Mpole.

“Dada, wale walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, tusiwahesabu,” akasema, macho kwenye viatu vyake.

Tangu hapo hata salamu yake naipima kabla ya kuiitikia.

Juzi kaja na maua, kanishika mkono, anataka jina langu likae kando ya lake kwenye ombi la kibali, ili dawa ianze kupewa watu. Nilipomuuliza habari ya wanaochelewa kufika hospitali, akajitia kunirekebishia mto. Sasa nani alimwambia kwamba sina siku nyingi? Usitazame dirishani, kifungua mimba wangu. Nakuuliza wewe.

“Mama… aliniahidi kazi.”

Haya. Afadhali umesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sikulaani. Ila jina langu msilitoe, hata akilia kaburini kwangu. Nendeni kwa wakaguzi wa dawa, wewe useme habari ya vizimba, dada yako afuatane nawe, si kwa kukusaidia tu, bali kukutazama. Vipande vya ubongo wa panya waliokufa nilivihifadhi mapema, ndivyo ushahidi. Dada yako anajua vilipo. Wewe usiulize.

Niinueni kidogo… hapo. Mungu awape kupendana, awape… watoto wasiowaficha neno. Nimewasamehe nyote. Nipe mkono, kifungua mimba wangu. Na huo mwingine… uutoe mfukoni… niuone.