Maziwa ya Dawa ya Mikocheni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, shikamoo. Sisi wafanyakazi wa Maabara ya Tumbo tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, ingawa vumbi la barabara yetu limetutangulia kukupokea.

TULIKOTOKA
Tulianzia kwenye ghala la zamani la nguo. Kazi yetu ni kuwachukua bakteria wapole, jamii ya wale wanaogandisha mtindi, na kuwapandikizia kinasaba cha kutengeneza dawa ya vidonda vya utumbo. Mgonjwa akiwanywa, waitengeneze dawa humohumo tumboni.

MAFANIKIO
Panya wetu walipona. Ndipo mkuu wetu, Dokta Raza, akapata kibali cha kuijaribu kwa mtu, na wa kwanza ni mwenzetu Farida, anayeosha chupa za maabara. Farida ana vidonda hivyo tangu usichana. Huenda msalani akilia, akarudi anatabasamu, akidhani hatujui. Tunajua, na inatuuma. Kibali kilipofika alisema, "Jamani, mie nikipona nitakula pilau na pilipili za kukaanga. Mtanikoma!"

MATATIZO
Mgawo wa umeme ulipoanza, jokofu la kutunzia mbegu za bakteria hao lilizimika na barafu ya chupa zote ikayeyuka. Dokta alikuwa safarini. Tukawaokoa bakteria kwa njia ya mama zetu: kijiko cha maziwa ya jana ndani ya maziwa ya leo, kwa zamu majumbani mwetu, leo Kiwalani, kesho Keko. Kila asubuhi maziwa yaliganda vizuri, nasi tukashangilia.

Juzi Dokta aliporudi aliyapima, hakukuta dawa. Kumbe bakteria hawa wakilelewa bila uangalizi wa maabara, wengine huutupa ule mzigo wa kinasaba tuliowabebesha, na walioutupa huzaana upesi kuwapita walioubeba. Tulikuwa tukilea mtindi mtupu.

MAOMBI
Mgeni rasmi, ratiba inasema sasa ukate utepe, Farida anywe mbele ya waandishi wa habari. Tunakuomba usikate. Tunaomba jenereta, na muda wa kuanza upya.

Tulishauriwa tunyamaze mpaka picha zipigwe. Farida akakataa. "Wakiniona nimekunywa na sijapona, nani atakubali kunywa tena?" Halafu akalia, nasi tukalia naye.

Risala hii ameomba aisome yeye mwenyewe. Akitua kidogo, tunaomba umsubiri; leo tumbo limemshika tangu asubuhi.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya, wewe na nyumba yako.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Tumbo,
Mikocheni, 1997.