Likizo na Godoro

"Naenda likizo tu," alisema fundi wa lifti, macho dirishani.

Mama aliyeketi naye kwenye basi alicheka. "Likizo gani hiyo, baba, ya kubeba godoro? Nimeliona likipandishwa kwenye keria, na jiko, na ndoo."

Kwenye viti vya nyuma, waliokuwa wakisinzia waliacha kusinzia.

Uso ulimshuka fundi. "Wametupunguza kazini," alinong'ona. "Nyumbani hawajui."

"Basi mwambie mama yako ukishuka tu, kabla hujanywa hata maji."

"Siwezi. Kila nikipiga simu ananiombea nipandishwe cheo."

"Na hilo godoro utasema nini?"

Basi lilisimama, fundi akashuka. Utingo alilitupa godoro chini, na mama yake fundi, aliyekuwa akingoja kituoni tangu asubuhi, akalikumbatia kabla hajamkumbatia mwanawe.

"Jamani, njooni mwone! Mwanangu kaniletea godoro!"

Fundi aliinua macho. Yule abiria mwenzake alikuwa amechungulia dirishani, akimngoja aseme ukweli.

"Ndiyo, mama," alisema fundi. "Niliukumbuka mgongo wako."