Fundi Mviringo na Mashine ya Marehemu Mwenzake

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome mbele yenu, nami nitaisoma yote, hata pale ambapo wenzangu nyumbani walinishauri niruke.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mviringo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, na mwaka 1974 akaingia karakana ya seremala, ambako alijifunza kukereza mbao, yaani kuzizungusha na kuzichonga ziwe duara, kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, akaitumia mpaka goti likagoma. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na shemeji ni shahidi kwamba hata viazi mume wake alivimenya mpaka vikawa duara, watu wakakosa cha kula.

Tarehe 2 Agosti 2012 alinunua mashine ya umeme iliyotumika, kwa mjane wa mkereza mmoja aliyekuwa amefariki, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Chuma cha kuegemezea patasi kilikuwa kimelika, kimefanya bonde pale mkono wa yule bwana ulipopita miaka nenda miaka rudi, na kila mkereza anajua kwamba chuma cha namna hiyo hupigwa tupa kwanza, kisuguliwe mpaka kinyooke, lakini kaka alikataa katakata, akisema hawezi kumfuta mtu ambaye hata udongo wa kaburi lake haujakauka. Basi patasi yake ikawa inateleza bondeni humo kila mara, na miguu ya vitanda ikatoka na shingo nyembamba kama alizokereza yule bwana, siyo za kaka. Mwaka wa tatu mjane alikuja kununua stuli, akaupapasa mguu wa stuli hiyo, akauliza mume wake amerudi kazini lini, na tangu siku ile kaka hakuwa na raha, akawa anasimama kwenye mashine kama mtu aliyeazima mwili.

Februari 2023 alianza kubanwa na kifua, akalazwa, akaruhusiwa, na tarehe 5 Novemba aliniambia, "Nipigie tupa chuma kile, mdogo wangu, nikereze changu kimoja kabla sijaondoka." Nilimjibu kwamba nitafanya kesho. Nasema kweli, niliogopa kuigusa ile mashine, na kesho zikawa nne. Alifariki tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotushika mkono, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza, na mama mjane aliyemuuzia kaka mashine, aliyekaa pale nyuma. Leo kabla ya kuja hapa niliingia karakana, nikapiga tupa mpaka chuma kikanyooka, nikidhani natimiza ombi lake, na nilipopangusa ndipo nikatambua kwamba mkono wa kaka nao ulikuwa humo humo bondeni, miaka kumi na moja, nami nimeifuta mikono yote miwili. Nisamehe, kaka, na upumzike kwa amani.